Nililinganisha gharama za server na cloud kwa duka letu la Handeni na Korogwe, kuna gharama moja sikuiandika

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kupita kimya kimya, nikifurahi nabonyeza like naondoka. Leo nimeamua kuandika. Haya yamenitokea mwenyewe, sina kitu ninachouza, sina link ya kuwatumia, na sijaongeza chumvi. Anayetaka kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Juzi kuna mdau alileta uzi, anauliza biashara yenye matawi mawili ifanye nini: inunue server yake iweke dukani, au ilipie programu ya cloud kila mwezi? Majibu mengi yalikuwa ya kishabiki. Wa cloud wanawaita wa server washamba, wa server wanawaita wa cloud watu wa kulipa kodi mpaka kaburini.

Mimi hesabu hiyo niliifanya kweli, kwa mkono wangu, na bosi akaifuata. Nitawapa yote. Ila siwezi kuitoa bila kusimulia na yaliyofuata, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza mnijue kidogo.

Nasimamia tawi la Handeni la duka la vifaa vya ujenzi. Saruji, mabati, nondo, misumari, rangi, na msimu ukifika tunaweka mbolea na dawa za kupulizia. Makao makuu yako Korogwe mjini. Bosi ni Msambaa wa Mpale, mtu aliyeanza kwa kuteremsha maharage ya kijijini kwao na leo ana malori. Mkali kwenye hela, lakini si mtu mbaya.

Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo. Handeni nimeletwa na kazi. Ndoa yangu iliisha kwa amani, hilo si la uzi huu. Kijana wangu yuko Mwanza, hupiga simu sikukuu. Nimepanga chumba nyuma ya duka, kwa hiyo hata ile safari ya kwenda kazini ambayo wenzangu mnailalamikia, mimi sina.

Mtu akisikia duka anadhani umezungukwa na watu. Wakuu, wateja si watu wako. Mteja anauliza bati geji ishirini na nane bei gani, anakwambia kwa fulani ni chini ya hapo, analipa, anapakia, anaondoka. Hakuna anayekuuliza leo umekula nini.

Haya, turudi kwenye mfumo.

Zamani server yetu ilikaa Korogwe, chumba cha nyuma cha stoo, na feni imeelekezwa kwake kutwa nzima kama mgonjwa wa homa. Handeni nilikuwa na kompyuta ya kawaida yenye programu ile ile. Jioni nikifunga duka, programu inatoa faili la mauzo ya siku. Faili naliweka kwenye flash, flash naitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha nampa kondakta wa gari la mwisho la Korogwe.

Kule inapokelewa stendi, inaingizwa kwenye server, stoo za matawi mawili zinakuwa kitu kimoja. Asubuhi gari la kwanza linanirudishia flash ikiwa na bei mpya.

Msicheke. Najua kuna kijana wa IT hapa ameshika kichwa. Email tulijaribu. Network ya wakati ule ilikuwa inafikisha faili nusu, na mauzo nusu yanachanganya kuliko kukosa kabisa. Flash ilikuwa inafika nzima, hata kama ina harufu ya dagaa wa abiria.

Kulikuwa na sheria moja. Siku haifungwi mpaka Korogwe wapige simu kuthibitisha kwamba faili limeingia. Wasipopiga, mimi kesho siruhusiwi kuanza kuuza, kwa sababu hesabu zitapishana. Kwa hiyo kila jioni, magharibi ikishapita, simu yangu ilikuwa inaita.

Mpigaji alikuwa Bi Mwajuma, mhasibu wa stoo ya Korogwe. Mjane, amenizidi miaka michache, anaishi Manundu, hapo hapo Korogwe. Kwao hasa ni Kang'ata, huku huku Handeni, Mzigua wa asili.

Kwa vijana mliokulia mjini: Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu kwenda pwani. Mtani anakutukana mbele za watu, anakuvua kofia anaondoka nayo, anakuita mtumwa wake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ila siku ukifiwa, mtani ndiye anayefika na kushika kazi. Anakuja na vituko mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Na ukifa wewe, mtani ndiye anayesimama kaburini kudai kwamba hujafa, unakwepa madeni.

Basi simu zetu zilikuwa hivi:

"Mtani, takataka zako zimefika."

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Leo umeuza misumari tu? Watu wa Handeni wamekukimbia?"

"Wamesikia nafanya kazi na Mzigua, wanaogopa kuibiwa."

"Mzigua akuibie nini wewe? Ulikuja mjini na mzigo wa watu kichwani, mpaka leo hujautua."

Hapo tunacheka, anasoma jumla, mimi nasoma jumla, zinalingana. Kisha anauliza nimepika nini. Nikisema chai na mkate, ananisema kwelikweli, anasema Mnyamwezi gani huyu anashindwa kusonga ugali. Anamalizia, "Haya, siku imefungwa. Lala."

Mara nyingine flash inarudi asubuhi na karanga za kukaanga kwenye bahasha. Mimi msimu wa machungwa nilikuwa namwekea kondakta kifurushi. Ndiyo hivyo, hakuna kingine cha siri, msianze kuandika filamu zenu.

Na niseme jambo moja. Ana kwa ana tulikutana mara chache mno, mwisho wa mwaka tukihesabu stoo. Tukikutana tulikuwa tunaoneana haya, kila mtu anahesabu mifuko yake. Kwenye simu ndipo tulipokuwa watani.

Simu ile ndiyo ilikuwa simu yangu. Ukiondoa wateja na bosi, siku nyingi hakuna sauti nyingine iliyonitafuta. Nilikuwa silijui hilo vizuri wakati ule, ningelijua ningelitaja kwenye hesabu.

Sasa tuje kwenye ile hesabu yenyewe.

Mwaka ule mjusi aliingia kwenye server. Sitanii. Alipenya kwenye power supply akafia humo, na server ikafa naye. Fundi akatoka Tanga. Tukamlipa nauli, chakula, gesti, kazi, na kifaa kipya ambacho alikisifia sana. Wiki iliyofuata betri ya UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, nayo ikagoma.

Bosi akanipigia. "Wewe ndiye unayependa hesabu. Nikae na hili jini langu la stoo, au nihamie huko kwenye cloud wanakosema? Niandikie. Na uniandikie ukweli, usinipambie."

Nikaandika. Nawapa kwa ufupi, wenye biashara mnaweza kuchukua.

Kosa la kwanza la wengi ni kulinganisha bei ya kununua server na malipo ya cloud ya mwezi mmoja. Haviendi hivyo. Chukua miaka mitano yote, maana server ya vumbi la saruji haivuki hapo, ikivuka ushukuru Mungu.

Upande wa server nilianza na mashine na leseni ya programu, ambayo tuliambiwa ni ya kununua mara moja. Mara moja, lakini kila mwaka unalipia marekebisho, la sivyo ukipiga simu hawakujui. Nikaongeza UPS na betri zake. Nikaongeza umeme, feni ile kutwa kucha, na mafuta ya jenereta. Nikaongeza fundi wa Tanga na posho zake. Nikaongeza flash zenyewe, maana zinakufa na nyingine zinapotea, na ile hela ya kondakta ya kila jioni. Hii ya kondakta bosi alikuwa haioni kabisa kwa sababu ilikuwa inatoka kwenye chenji. Nilipoijumlisha kwa mwaka aliniambia niisome tena, polepole.

Upande wa cloud hakuna mashine. Unalipa kwa mwezi, na hapa msikilize vizuri, unalipa kwa kila mtumiaji. Kila jina linaloingia kwenye mfumo lina bei yake. Halafu bei ni ya dola, kwa hiyo shilingi ikiteleza na bili yako inapanda hata kama hujaongeza kitu. Unahitaji router, bundle la maana, na laini ya mtandao mwingine ya akiba, kwa sababu Handeni laini moja ikilala unauza kwa karatasi. Na unahitaji siku kadhaa za kuwafundisha watu, hizo nazo ni hela.

Nilipojumlisha, cloud ilishinda. Si kwa mbali kama wanavyodai wauzaji, lakini ilishinda, na kikubwa zaidi ni kwamba bosi angeona stoo ya Handeni wakati ule ule akiwa Korogwe. Duka lingekuwa moja tu, ningemwambia abaki na server yake. Kwa matawi mawili yaliyotenganishwa na barabara, cloud.

Kabla sijatuma nilimwambia Bi Mwajuma kwenye simu ya jioni. Nilidhani atanuna.

"Kumbe unaniandikia talaka," akasema.

"Mtani, ni hesabu tu."

"Basi iandike sawasawa. Usinionee huruma. Magoti yangu yamechoka na stendi, kila jioni nimesimama na wapiga debe nasubiri bahasha yako. Andika cloud."

"Utapata kazi nyingine dukani?"

"Nitauza. Na mimi nitakuwa na jina langu humo kwenye kompyuta, si nimesikia kila mtu ana jina lake? Nenda kalale, mtumwa wangu."

Nikaandika cloud. Hesabu ile naisimamia mpaka leo, hata ukiniamsha usingizini nitakupa jibu lile lile.

Tukahama.

Siku ya kwanza nilifunga duka, nikabonyeza sehemu moja, kioo kikaandika kwamba siku imefungwa kikamilifu. Hakuna flash wala bahasha. Kondakta alipiga honi mlangoni kwa mazoea, nikampungia mkono aende.

Nikakaa. Magharibi ikapita. Nikajikuta nimeshika simu mkononi kama mjinga.

Siku za mwanzo nilikuwa na visingizio. Nilimpigia kwamba nimesahau password. Nikampigia tena kwamba sioni bei ya rangi. Akanitukana vizuri, akasema Wanyamwezi na teknolojia ni maji na mafuta. Nikalala vizuri siku hizo.

Lakini visingizio vinaisha, wakuu. Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri, hausumbui. Na kumpigia mjane wa watu jioni bila sababu ya kazi, mimi mwanaume ninayeishi peke yangu, niliona itasomeka vingine. Labda kwake, labda kwa wanawe. Sisi watu wa makamo hatujui kupiga simu ya "nilitaka tu kukusikia". Vijana mnaweza. Sisi lazima kuwe na flash.

Na yeye hakupiga. Nafikiri na yeye alikuwa anasubiri sababu.

Tulikuwa pia na group la kazi la WhatsApp, bosi akalifunga, kwa hoja kwamba mfumo mpya una sehemu ya ujumbe na tunailipia. Sehemu hiyo hakuna aliyewahi kuandika kitu zaidi ya bosi mwenyewe kututakia mwaka mpya.

Kilichobaki kwangu kilikuwa alama. Kwenye mfumo, pembeni ya jina la kila mtumiaji kuna kitone. Cha kijani maana yake yuko kazini, cha kijivu hayupo. Nikifungua duka asubuhi nilikuwa naangalia kwanza jina lake. Kijani, naendelea na kazi. Huo ndio ukawa uhusiano wetu, wakuu. Mtu aliyekuwa akinitukana kila jioni sasa ni kitone.

Ikafika wakati kitone kikawa cha kijivu.

Nikasema yuko likizo. Hajaenda likizo muda mrefu, anastahili. Nikasema labda kaenda kumlea binti yake aliyejifungua. Siku zikaongezeka, nikaacha kuangalia, kwa sababu kila nikiangalia napata hamu ya kupiga simu na sina sababu.

Mwanzoni mwa siku hizo za kijivu, Jumatano moja baada ya adhuhuri, msiba ulipita barabarani. Pikapu mbele na jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, nyuma Coaster na gari ndogo mbili tatu, zimewasha taa. Zimetokea njia ya Korogwe. Nilikuwa nampimia mteja misumari. Tukasimama wote kama inavyopasa, nikavua kofia, mteja akasema "Inna lillahi". Mtu mmoja akasema wanaelekea ndani huko, mashambani. Magari yakapita. Nikavaa kofia nikaendelea kupima.

Misiba hupita njia ile mara kwa mara. Sikuwaza kitu.

Bili ya mwezi ilipokuja, shilingi ilikuwa imeteleza na bosi alikuwa na hasira. Akanipigia asubuhi.

"Hii bili imepanda. Punguza. Toa yule mtumiaji mmoja wa Korogwe, tunamlipia bure."

"Yupi, bosi?"

"Wa Bi Mwajuma."

"Kaacha kazi?"

Akaniita jina langu, kitu ambacho huwa hafanyi.

"Wewe, hukuambiwa? Bi Mwajuma si tumemzika."

Nikamuuliza lini. Akasema ile Jumatano. Presha, ilimkamata jioni ya Jumanne, hospitali hawakufika naye. Nikamuuliza mmemzika wapi. Kwao, Kang'ata.

"Mlipita wapi?"

"Tungepita wapi tena? Tumepita hapo hapo kwako. Mimi nilikuwa gari la mbele, nikajua wewe umepanda moja ya magari ya nyuma. Kila mtu alijua wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Si mlikuwa mnaongea kila siku?"

Nilikaa kwenye gunia la saruji nikalia. Naandika wazi, nililia kama mtoto, na wateja wawili walinikuta hivyo wakaondoka taratibu bila kununua kitu.

Jeneza la mtani wangu limepita mlangoni kwangu, nikamvulia kofia kama mtu baki, nikarudi kupima misumari. Enzi za flash, jioni ile ile simu isingeita. Ningejua kabla bosi hajajua. Ningefunga duka, ningepanda gari la kwanza, ningeenda Manundu kufagia uwanja na kuwasumbua wafiwa kama inavyotakiwa. Mfumo mbovu ungeniambia. Mfumo mzuri ulinipa kitone cha kijivu.

Jumapili nilichukua bodaboda mpaka Kang'ata.

Nyumbani kwao nilimkuta kaka yake mkubwa, mzee wa makamo ya juu, amekaa kibarazani anapukuchua mahindi na wanawake wawili wa hapo nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Unatokea wapi?"

"Handeni mjini. Nilikuwa nafanya kazi na marehemu."

"Aah. Watu wa dukani. Poleni, na sisi tumepoa."

Wakaniletea kigoda na maji ya kunywa. Mzee akauliza hali ya mvua mjini. Ndipo nilipoelewa kwamba hawanijui. Kwa nini wanijue? Mimi kwao nilikuwa mtu wa dukani, mmoja wa wengi waliokuja kusema pole. Miaka yote ile ya jioni, na hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye boma lile aliyelijua jina langu.

Nilinywa maji. Nilitaka kuaga nirudi zangu. Kisha nikasema hapana, kuna haki moja ninayo na haihitaji nijulikane. Nikasimama, nikaweka mikono kiunoni, nikapaza sauti:

"Nani amewapa ruhusa ya kumzika mtumwa wangu bila mwenyewe kuwepo?"

Mahindi yakaacha kudondoka. Wanawake wakanitazama. Mzee akakunja uso.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Mzee akapiga paja lake kwa kiganja. "Mnyamwezi! Na ulikuwa wapi? Tumepita na jeneza hapo mjini, jua la saa nane, nyie mlikuwa mmelala?"

"Nilikuwa nauza misumari."

"Misumari! Mtani anazikwa, yeye anauza misumari! Mvueni kofia huyu!"

Mwanamke mmoja akaja akanivua kofia kweli, akaivaa yeye. Wakacheka, na mzee akacheka mpaka akatoa leso, na ile leso haikuwa ya kicheko tu. Nikapigwa faini ya jogoo. Nikatumwa maji kisimani, mtu mzima na ndoo mbili, huku wananisema mwendo wangu. Wakuu, tangu tuhamie cloud sikuwahi kuwa na siku nzuri kama ile, na ilikuwa siku ya msiba.

Baadaye mzee akanipeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akasimama pembeni akaniambia, "Haya, mtukane. Kazi yako hiyo."

Nikatafuta tusi. Nilikuwa na matusi ya jioni zote zile nilizokaa kimya, ningeweza kujaza gunia. Sikupata hata moja. Nikasema tu, "Shikamoo, mtani." Mzee akasubiri kidogo, akanishika bega, tukarudi.

Alichukua namba yangu. Hajapiga. Na mimi nimeshaifungua namba yake mara kadhaa nikaifunga, natafuta sababu. Mnaona ugonjwa wenyewe ulivyo?

Nilirudi dukani. Bosi akakumbushia bili. Nikaingia kwenye mfumo, nikatafuta jina lake, nikabonyeza kuondoa. Mfumo ukauliza, "Una uhakika?"

Nilipofunga duka jioni nikagundua kwamba kwa siku nzima, ukiacha bei, hilo ndilo swali pekee nililokuwa nimeulizwa.

Bili imepungua. Bosi amefurahi.

Sasa funzo langu, mlichukue au mliache.

Mkitaka kuhamia cloud, hamieni. Sisemi mrudi kwenye flash na mijusi. Ila kabla hujahama, kaa chini uwataje watu waliokuwa wanakutafuta kwa sababu ya ubovu wa mfumo wako wa zamani. Yule wa kukuletea karatasi usaini, yule wa kukupigia kuuliza kama mzigo umefika. Mfumo mpya utawaondolea sababu, na wengi wetu bila sababu hatupigi. Tafuta sababu nyingine mapema, hata ya uongo. Mimi nilijumlisha mpaka chenji ya kondakta, nikaacha hilo.

Wenye maswali ya gharama ulizeni, nitajibu kila mtu, router, bundle, dola, chochote. Wenye uzoefu tofauti wa server leteni, tusaidiane.

Na kama humu ndani kuna Mzigua, tafadhali asinipe pole. Anitukane.